Chupa za bia ya nyumbani mnaziuaje vijidudu?

Wakuu habari, niko Tanga mjini, bia yangu ishamaliza kuchachuka iko kwenye ndoo, chupa nimekusanya baa za Ngamiani ila kitakoni zina ukungu umegandia. Maji ya moto si yanatosha?

— Hayatoshi mkuu. Kwanza uzisafishe ndo uje kuua vijidudu, maana dawa haipenyi kwenye uchafu. Loweka na sabuni usiku kucha, piga brashi, halafu ishike juani uichungulie, ukiona utando hata kidogo tupa, chupa zenyewe si zipo kibao.

— Mie natumia jiki isiyo na manukato, kijiko kimoja cha chakula kwa lita 4 za maji, dakika 20, nasuuza na maji yaliyochemshwa mpaka harufu iishe la sivyo bia inanuka dawa. Na msichanganye na siki jamani, ile gesi ni sumu!

— Jiki inachosha, mi nachemsha tu. Zitie sufuriani maji yakiwa ya baridi ndo uwashe mkaa, ukizitumbukiza kwenye yanayotokota zinapasuka. Visoda navyo usivisahau.

Asanteni, na za plastiki za soda?

— Hizo usichemshe zitajikunja, jiki tu.