Naomba ushauri: sola ziwe paa lenyewe, au zikae juu ya mabati?

Wakuu, salamu. Nyumba iko Nyali, Mombasa, karibu na bahari, na kenchi ndiyo inapandishwa. Mpango ni paneli 12 za wati 400 ziwe ndizo paa upande wa kaskazini, bila mabati chini.

Joto ndilo linalonitatiza. Paneli hupoteza kama asilimia 0.35 ya nguvu kwa kila digrii inayozidi 25. Seli zikifika 70, imekwenda karibu asilimia 16. Juu ya mabati upepo hupita chini yake, lakini zikiwa paa lenyewe hewa itatokea wapi? Nafikiria mwanya wa sentimita 10 kutoka ukingoni hadi kileleni, na wavu wa kuzuia popo (kunguru nao hawakosi). Unatosha?

Chumvi nayo: boliti ni za chuma cha pua cha 316 (daraja linalostahimili chumvi), na mipira ili alumini ya fremu isigusane na chuma ikaliwa.

Mwinamo ni digrii 10. Kwa jua la hapa sawa, ila mvua ya masika ikisukumwa na upepo, maji hayatapanda kwenye maungio? Mliofunga huku Pwani, chini mliweka karatasi gani ya kuzuia maji? Na plagi ya waya ikiungua katikati ya paa, fundi anaifikiaje bila kung'oa safu nzima?