Tupeane uzoefu: nafasi ya bure ya chuo kwa mafaili ya mwanafunzi, inatumikaje bila kupoteza kazi

mlinda_seva
Wakuu, kuna watu wanazunguka na tasnifu nzima kwenye flashi moja iliyoning'inia kwenye funguo, na chuo kimeshawapa nafasi ya bure ambayo hawajaigusa. Tuweke hapa mambo ya kutenda: amri, vikomo, makosa yanayojitokeza na sababu zake. Kulalamikia ofisi ya TEHAMA kuna uzi wake.

Naanza na hili, maana linachanganya wengi. Nafasi ni za aina mbili. Ipo folda kwenye seva ya chuo chenyewe, ile ambayo kwenye kompyuta za maabara inaonekana kama H: au Z:. Halafu ipo akaunti ya wingu, Google au Microsoft, unayoifungua kwa barua pepe ya chuo. Ya kwanza kwa kawaida inafikika ukiwa ndani ya mtandao wa chuo, ya pili popote penye intaneti.

Na zile habari za "Google ya chuo haijai" zimepitwa na wakati. Tangu Julai 2022, kwenye mpango wa bure chuo kizima kinagawana TB 100. Microsoft nao mwaka 2024 wakaibana OneDrive ya leseni ya bure ya A1 hadi GB 100 kwa mtu, na TB 100 kwa chuo kizima. Chuo chenye wanafunzi 20,000 kikigawa sawasawa, kila mmoja anapata GB 5. Kwa hiyo usimwage filamu humo.

fundi_wa_maabara
Nachukua upande wa seva. Kwenye Windows fungua dirisha la amri, andika:

net use Z: \\jina-la-seva\wanafunzi * /user:CHUO\namba-yako

Ile nyota inafanya nenosiri liulizwe pembeni badala ya kuonekana kwenye skrini. Sehemu ya CHUO\ ndiyo wengi wanaisahau; bila hiyo Windows inaweza kulichukulia jina lako kama la laptopu yako badala ya la chuo, na seva ikakukatalia. Kwenye kompyuta ya maabara, ukimaliza andika net use Z: /delete, la sivyo anayekalia kiti baada yako anaweza kukuta folda yako wazi.

Kosa namba 1219 maana yake tayari umeunganishwa na seva hiyohiyo kwa jina jingine. Futa miunganisho yote kwa net use * /delete kisha uanze upya.

Kosa namba 53 ndilo la nyumbani. Nenosiri halina shida hapo, seva haionekani kabisa. Folda hizi hupita mlango wa 445 (port, yaani namba ya njia ya mawasiliano kwenye mtandao), na kampuni nyingi za intaneti huufunga. Virusi vya WannaCry mwaka 2017 vilisambaa kwa kupitia hukohuko. Washa VPN ya chuo (programu inayokuingiza kwenye mtandao wa chuo ukiwa mbali) kwanza, ndipo uunganishe. Chuo kikiwa na SFTP (njia salama ya kuhamisha mafaili) ni rahisi zaidi: tumia programu ya WinSCP au FileZilla, mlango wa 22.

Nyongeza kwa wanaosafiri: eduroam, ile Wi-Fi ya vyuo unayoingia kwa akaunti ya chuo chako popote, haikuhamishii mtandao wa chuo chako. Mwanafunzi wa Kampala akiwa kwenye eduroam ya chuo cha Nairobi yuko ndani ya mtandao wa Nairobi. VPN bado anaihitaji.

bibi_linux
Wa maabara za Linux, kuna tatizo moja linawatisha watu bure. Unaandika nenosiri sahihi, skrini inapepesa, inakurudisha palepale pa kuingilia. Mara nyingi kwota (kikomo cha nafasi yako kwenye seva) imejaa: mfumo unashindwa kuandika vifaili vyake vidogo ndani ya folda yako, hivyo dawati halifunguki.

Bonyeza Ctrl+Alt+F3, ingia kwa maandishi, kisha:

quota -s
du -h --max-depth=1 ~ | sort -h

Mstari wa mwisho ni jumla ya folda yako yote; folda ndogo iliyo kubwa kuliko zote iko juu yake. Mara nyingi mshukiwa ni .cache, takataka za kivinjari na programu nyingine; unaweza kuifuta yote bila hasara. Angalia pia .local/share/Trash. Faili ulilolitupa kapuni bado linahesabiwa kwenye kwota, na watu hufuta, wakafuta, nafasi isirudi.

Ukifuta kitu kwa bahati mbaya, kabla hujaandika barua ya kulia, tafuta folda inayoitwa .snapshot au .snapshots, zinakokaa nakala za zamani za mafaili yako. Haionekani hata kwa ls -a kwenye seva nyingine, lakini cd .snapshot inakubali. Upande wa Windows ni kubofya kulia folda, Properties, kisha Previous Versions. Si kila chuo kimewasha.

kijana_wa_data
Naomba kuuliza: Zotero (programu ya kutunza marejeo) inakaa kwenye OneDrive ya chuo?

mlinda_seva
Hapana mkuu. Faili la zotero.sqlite linaandikwa muda wote programu ikiwa wazi, na OneDrive inaweza kulibeba likiwa katikati ya kuandikwa. Ukilifungua kwenye kompyuta ya pili limeharibika. Liache kwenye laptopu. Funga Zotero, zipu folda yote, zipu hiyo ndiyo uipeleke kwenye wingu. SPSS, programu ya takwimu, vilevile: faili la data la .sav fanyia kazi kwenye laptopu, hifadhi, funga, ndipo unakili.

mama_bando
Kwa wanaotumia bando la simu: kwenye mipangilio ya Wi-Fi, iambie Windows kwamba mtandao huo una kikomo cha data, na OneDrive itajisimamisha yenyewe. Usipofanya hivyo, itapandisha video za wasilisho usiku kucha na asubuhi bando hakuna.

Alama ya wingu la buluu pembeni ya faili ina maana faili lenyewe halipo kwenye mashine. Bila intaneti halifunguki. Yale ya kwenda nayo kijijini au uwandani, bofya kulia uchague yabaki kwenye kifaa hadi uone duara la kijani lenye tiki.

Watu wa Google: kifaili cha .gdoc kwenye folda ya kompyuta ni kiungo tu. Ukikinakili kwenye flashi umebeba anwani, maandishi hukubeba. Pakua kama .docx.

fundi_wa_maabara
Kuhitimu sasa. Kushea folda kwa Gmail yako binafsi hakukuokoi. Mwenye mali ni akaunti ya chuo, ikifutwa na faili linakwenda, na umiliki hauhamishiki kwenda nje ya chuo. Tumia takeout.google.com; kama chuo kimeifungua, sehemu ya /transfer inanakili Drive na barua moja kwa moja hadi Gmail yako. Ukichagua kupakua, chagua vipande vya GB 2, maana cha GB 50 kikikatika katikati unaanza upya, na kiungo kinakufa baada ya siku 7 hivi.

Na kabla akaunti haijafungwa, badilisha barua pepe kwenye ORCID (namba ya utambulisho wa mtafiti), Overleaf (tovuti ya kuandikia makala) na Zotero. Ukisahau nenosiri baada ya hapo, kiungo cha kulibadilisha kitatumwa kwenye sanduku usiloweza kulifungua tena.