Kwa nini Star Wars ya 1977 haichuji?

BandaUjiji:
Wakuu, habari za jioni. Nina banda la video hapa Ujiji. Ijumaa vijana walilipia filamu mpya ya mapigano, flashi ikagoma kabisa. Kwenye kompyuta nilibaki na Star Wars ile ya kwanza, filamu ya vita vya angani ya 1977. Nikaiweka huku najua watadai hela zao. Hakutoka hata mmoja. Kesho yake mtoto wa darasa la tano akaja na wadogo zake wawili kuuliza "ile ya panga la taa" inarudiwa lini. Haina msimuliaji wa Kiswahili, na Kiingereza hawakijui. Filamu imenizidi miaka 14! Zinazotoka siku hizi wiki moja tu zimesahaulika. Hii inawashika kwa kitu gani?

Msimulizi_Kasulu:
Ni hadithi za bibi hizo, mkuu. Si inaanza kwa kukwambia zamani sana, kwenye galaksi ya mbali? Paukwa, pakawa. Kijana yatima wa shambani, mzee mwenye siri, binti mfalme kafungwa, adui kavaa nyeusi. George Lucas mwenyewe, mwongozaji wake, hakuficha kwamba alichota pia kwa mwongozaji Akira Kurosawa wa Japani, kwenye filamu ya 1958 yenye wakulima wawili wanaogombana njia nzima. Wale ndio roboti zake mbili.

FundiRedio_Mwanga:
Msimulizi, hadithi hiyo imeigizwa mara ngapi na nani anazikumbuka? Mimi natengeneza redio hapa Mwanga mwaka wa 26 huu, ngoja niseme ninachokiona.

Niliiona 1993 kwa mkanda, sebuleni kwa baba mdogo. Panga sikulijali sana. Kilichonishika ni chombo cha angani cha rubani Han Solo, Millennium Falcon. Luke, yule kijana wa shambani, anakiona mara ya kwanza anashangaa: chuma chakavu gani hiki! Gari lake mwenyewe limechubuka rangi, na roboti R2-D2 ana madoa kama jiko la mchina. Mimi nimekua naiangalia meli ya Liemba bandarini, rangi juu ya rangi, kiraka juu ya kiraka. Ilijengwa Ujerumani 1913, ikaja kwa vipande, ikaungwa hapa hapa Kigoma, Wajerumani wakaizamisha wenyewe 1916, Waingereza wakaiibua, na 1927 ikarudi kazini. Mtoto wa pwani hii ukimwonyesha chombo kikuukuu kinachozishinda meli mpya za wakubwa, anaamini pale pale. Meli zinazong'aa za filamu nyingine hazina fundi. Hakuna aliyewahi kulala chini yake na spana.

Na Lucas alikusudia. Alitaka dunia iliyokwisha kutumika. Mafundi wa kampuni aliyoianzisha 1975, Industrial Light & Magic, walinunua maboksi ya vifaru na magari ya plastiki ya kuunganisha, wakang'oa vipande wakavibandika kwenye mifano ya meli zao. Mpini wa panga la Luke ni mpini wa taa ya kamera ya zamani, Graflex. Hivyo ndivyo tunavyoishi mafundi: hiki kimekufa, kinafufua kile.

Halafu sauti. Hapo ndipo hao watoto wako waliponaswa, nina hakika. Kwa panga, Ben Burtt, mtengeneza sauti wa filamu hiyo, alichukua mvumo wa mota ya projekta akachanganya na mvumo wa runinga. Kisha akaucheza kwenye spika huku akipunga maikrofoni mbele yake, ndiyo maana panga likizungushwa unalisikia linapita. Mvumo ule naujua kwa vidole, ni ule wa waya wa kuingiza sauti kwenye amplifaya ukiugusa vibaya. Zile ndege ndogo za adui zinazopiga kelele? Ni mlio wa tembo, kachanganya na gari linalopita kwenye lami yenye maji. Tembo, kaka! Kiingereza cha nini hapo?

Trampeti_Tabora:
Fundi umesema kweli tupu, ila usimwache John Williams, mtunzi wa muziki wake. Napuliza trampeti kwenye bendi ya kanisa hapa Tabora, na noti za mwanzo zile zikilia mgongo unanyooka wenyewe. Ni okestra ya London wale, London Symphony Orchestra, watu na pumzi zao. Na jangwa lile la Luke ni bara letu, Tunisia. Nyumba ya kwao iliyochimbwa ardhini ni hoteli ya kweli, ipo Matmata.

BandaUjiji:
Fundi, nimefanya jaribio leo asubuhi. Nimefunika kioo kwa kanga, nikamwita yule wa darasa la tano, nikampigia kile kipande cha ndege ndogo bila picha. Nikamuuliza ni nini. Kafikiri kidogo, kasema, "Kitu kikubwa kina hasira, kinakuja."

Jumapili saa kumi naiweka tena. Spika zangu zinakwaruza upande wa kushoto na sitaki waikose hiyo sauti. Njoo na vifaa vyako, migebuka na ugali vipo.

FundiRedio_Mwanga:
Saa nane nipo hapo. Usizifungue kabla sijafika.