Kijana wa Cree kaniomba niwe mentor wake, nikubali?

Kalamu Mbili:
Wakuu habari zenu. Niko huku Kanada nahariri miswada ya riwaya, sasa kuna kijana wa Cree, moja ya mataifa ya watu wa asili wa huku, kaniletea sura za mwanzo za kitabu chake anataka niwe mentor wake, yaani mlezi wake wa uandishi, na kusema kweli anaandika vizuri ila kuna mambo yananitatiza, maneno ya Kicree kayaacha hivyohivyo bila maelezo, afu kuna hadithi ya bibi yake inajirudiarudia mpaka mkono unaniwasha kuikata. Naogopa nisije nikamnyoosha akaishia kuandika kama kila mtu. Mi ni mgeni tu huku. Nikubali au nimtafutie wa kwao?

MamaWino:
Dada usikate chochote kwanza. Muulize hiyo hadithi ni ya nani, manake kwa hao wenzetu hadithi zina wenyewe, zingine za ukoo, zingine hazisimuliwi mpaka majira ya baridi, na wa kutoa ruhusa ni wazee, sio wewe wala mchapishaji. Gregory Younging, Mcree huyo na aliwahi kuongoza kampuni ya uchapishaji ya Theytus Books kule Penticton, mwaka 2018 alitoa mwongozo wa kuhariri maandishi ya watu wa asili, utafute uusome kabla hujashika kalamu nyekundu. Na kurudiarudia ndo simulizi ya mdomo inavyotembea jamani!!

Mzee wa Koma:
Mi natofautiana kidogo na MamaWino hapo kwenye kurudiarudia, kuna kurudia kwa makusudi na kuna kurudia kwa sababu mtu hajasoma upya alichoandika, sasa muulize mwenyewe ni ipi. Halafu hii ya "wa kwao", Kanada ina lugha za asili zaidi ya 70, mshairi Muinuiti atajuaje mambo ya Cree eti kisa wote wanaitwa watu wa asili? Wewe mfundishe unachokijua, sura zinavyoshikana, mkataba unasomwaje, haki za tafsiri abaki nazo nani. Mila awe na mtu mzima wa nyumbani kwao. Walezi wawili, hakuna ubaya.

Nasra_vitabu:
Wamaori, watu wa asili wa New Zealand, wana mpango wao unaitwa Te Papa Tupu, mwandishi chipukizi anakaa na mentor miezi 6 juu ya mswada wake mwenyewe, sio zile semina za wikiendi unapewa cheti unarudi nyumbani. Ila ulionikosha mimi ni mpango wa black&write! wa State Library of Queensland, maktaba ya jimbo kule Australia, kwa sababu pamoja na waandishi wanafundisha na WAHARIRI wa Kiaborijini na wa visiwa vya Torres Strait. Hapo ndo pameoza sehemu nyingi, kijana analelewa vizuri tu, afu mswada unafika mezani kwa mchapishaji hakuna hata mmoja anayeelewa kwa nini lile neno halikutafsiriwa, wanaweka maelezo kwenye mabano kila mstari, kazi yote mliyofanya inafutika. Kwa hiyo dada mwandae na hilo, ajue kujibu "hapana, liache" na sababu yake.

Kalamu Mbili:
Asanteni sana. Nimeshamuuliza, bibi yupo hai na kairuhusu, shangazi yake ndo atakuwa anasoma upande wa mila. Sasa malipo, niyafanyeje? Kumtoza naona aibu na bure siwezi, mswada ni mrefu huu.

Mzee wa Koma:
Usimtoze. Canada Council for the Arts, shirika la umma linalofadhili sanaa huko, wana fungu la wasanii wa asili, yaani Mataifa ya Kwanza (Cree wamo), Inuiti na Métis, wameliita Creating, Knowing and Sharing, aangalie masharti yake ya sasa hivi kama muda wa mentor unaingia kwenye bajeti. Ila aombe yeye kwa jina lake, wewe uwe mstari kwenye bajeti tu, na shangazi naye awekwe, asije akasoma mswada mzima kwa chai.

MamaWino:
Shangazi awekwe wa kwanza 😂