Kupima hewa na vumbi ndani ya nyumba, naanzia wapi hapa Dar?

MamaTabata
Wadau habari zenu, naombeni msaada maana nimechoka kubahatisha. Tulihamia nyumba ya kupanga huku Tabata mwezi wa tatu, nyumba ya zamani, rangi ya madirisha inabanduka vipande vipande, ukifuta leo kesho unakuta unga mweupe palepale kwenye kizingiti. Nyuma ya ukuta jirani ana kibanda anafungua betri za gari zilizokufa, kuna siku anayeyusha na moshi unaingia mpaka chumba cha mtoto. Mwanangu ana mwaka na miezi minane, kila kitu mdomoni, na usiku anakohoa haswa tukifunga madirisha ajili ya mbu. Baba yake anataka twende Kariakoo tukanunue kile kifaa cha kupima hewa chenye kioo, mi nawaza kitanambia kweli kama hilo vumbi lina sumu au kitanipa namba tu? Aliyewahi kupima naomba anielekeze.

baba_wa_pumu
Pole sana dada. Mi ninacho hicho kifaa, nilinunua pumu ya binti yangu ilipozidi, na kilinisaidia kwa hiyo msikidharau. Kinapiga mwanga wa leza kinahesabu vile vichembe vidogo sana vya vumbi na moshi vinavyoitwa PM2.5, na Shirika la Afya Duniani (WHO) tangu 2021 wanasema wastani wa masaa 24 usizidi mikrogramu 15 kwa mita moja ya ujazo. Mchana sebuleni kilikuwa kwenye 20 na kitu, usiku tukiwasha dawa ya mbu ya kuchoma kinapanda mpaka mia kadhaa, nikadhani kimeharibika. Nikaja kusoma kuna watafiti walitoa utafiti 2003, dawa moja ya hiyo ikiungua yote inatoa vichembe sawa na sigara 75 mpaka 137. Siku ileile tukaitupa, tukabaki na chandarua imara na nyavu za madirisha, mtoto sasa analala. We usiku mnachoma nini? Na mvua ikinyesha jiko la mkaa mnaliingiza ndani?

mkemia_temeke
Nimefanya kazi maabara miaka kadhaa, naomba niseme kwa utaratibu maana hapa kuna mambo mawili watu wanayachanganya.

Kifaa cha kaka hapo juu ni kizuri kwa moshi, lakini kinaona ukubwa na wingi wa kichembe, hakijui kichembe ni cha nini. Vumbi la unga wa ngano na vumbi la madini ya risasi (lead) kwake ni kitu kimoja. Pia na joto letu hili la masika hewa ikiwa na unyevu mwingi vichembe vinavimba kwa maji na namba inapanda bure. Na ile hewa ya mkaa, kaboni monoksaidi, hakiioni kabisa, hiyo haina harufu wala rangi na inaua watu usingizini, jiko likiwa na makaa yasiingie chumba cha kulala hata kama yanaonekana yamekufa.

Wewe dada tatizo linalonitia wasiwasi ni madini ya risasi. Betri ni risasi, na rangi za zamani nyingi zilikuwa nayo. Risasi haielei hewani muda mrefu, inatua chini, mtoto anatambaa, anashika, analamba vidole. Kwa hiyo unapima vumbi la sakafuni na kizingitini, sio hewa. Unachora eneo la futi moja kwa futi moja, unalifuta lote kwa kitambaa kimoja chenye unyevu, unakikunja ndani na kukitia kwenye chupa safi, kila eneo na chupa yake na jina lake, maabara wanakichemsha kwa asidi wanasoma kiasi cha risasi. Marekani kikomo cha risasi kwenye vumbi la sakafu 2001 kilikuwa mikrogramu 40 kwa futi ya mraba, 2019 wakashusha 10, 2024 wakafika 5, maana kila walivyozidi kuchunguza waliona watoto wanaumia kwa kiasi kidogo zaidi. Nenda Mkemia Mkuu wa Serikali pale karibu na Ocean Road uwaulize kwanza wanapokeaje sampuli na bei yake, usichukue kabla.

nesi_wa_kliniki
Naongezea kimoja, mpeleke mtoto apimwe risasi kwenye damu, usisubiri vumbi. WHO wanasema ikifika mikrogramu 5 kwa desilita chanzo kitafutwe kiondolewe, ila hakuna kiwango salama kinachojulikana. Wakitoboa kidole mnawe vizuri kwanza, vumbi la kidoleni linadanganya kipimo, ikitoka juu warudie kwa damu ya mshipa. Mpe uji wenye maziwa, dagaa, mboga za majani, maana mtoto mwenye njaa na upungufu wa madini ya chuma anafyonza risasi zaidi. Na kwa kikohozi akaonwe na daktari kivyake, risasi sio kawaida kuleta kikohozi.

MamaTabata
Mungu awabariki. Ni kweli dawa ya mbu ya kuchoma tunawasha kila usiku, sikujua kabisa, leo naitoa. Kwa jirani mume wangu, baba Juni, ameenda kumuongelesha kistaarabu maana na huyo jirani ana watoto palepale. Kesho naenda kliniki. Ila hizo rangi je, nizikwangue? Na godoro la mtoto liko chini ya hilo dirisha.

mkemia_temeke
Usikwangue wala usipige msasa ikiwa kavu, utaijaza nyumba yote unga. Lowanisha, futa kwa kitambaa chenye sabuni, kitambaa usikirudishe ndoo ya kufulia nguo, na fagio kavu liachane na chumba hicho. Godoro lihame leo, kabla ya majibu yoyote.