Mtoza ushuru wa Luka 18 hakurudisha hata senti. Alisamehewaje?

Mwinjilisti Mdogo: Wapendwa, Jumapili tulisoma Luka 18, Farisayo na mtoza ushuru wamepanda hekaluni kusali. Mahubiri yakawa nyenyekea utakwezwa, basi. Nimerudi nyumbani na swali. Yule mtoza ushuru alisimama mbali, akajipigapiga kifua, "Ee Mungu, uniwie radhi mimi mwenye dhambi," akashuka amehesabiwa haki. Na wale aliowakamua? Unyenyekevu bila kurudisha unatosha?

Fundi Cherehani: Alirudisha! Mara nne, tena nusu ya mali akawapa maskini. Soma kwanza ndipo uanzishe mada.

Mwinjilisti Mdogo: Huyo ni Zakayo wa Yeriko, sura ya 19. Huyu wa 18 ni wa mfano, hata jina hana.

Fundi Cherehani: Haya, nimewachanganya. Lakini kati yao haifiki hata mistari arobaini. Luka kawaweka jirani ili huyu amjibie yule.

Mama Neema: Mimi nasema wote ni walewale, wa Yeriko na wa leo. Akishakula jasho la watu wiki nzima, Jumapili anakuja na bahasha nene na kiti cha mbele anapewa. Kifua hata hajipigi.

Binti wa Sokoni: Mama Neema, "wote" ni akina nani? Marehemu baba yangu alikata ushuru wa soko miaka 22, juani, na kitabu cha stakabadhi mkononi. Alituachia nini? Hatukuachiwa hata kiwanja. Kila Luka 18 ikisomwa, watu waligeuka kutazama benchi letu. Nilikuwa na miaka tisa, niliwaona.

Mama Neema: Sijamtaja baba yako. Mimi nimelipishwa tenga moja la nyanya mara mbili kwa siku moja, darajani na tena getini, na mara ya pili sikupewa risiti. Hilo nalo nilikuwa naota?

Mzee Ombeni: Mabinti, taratibu. Wale wa zamani hawakuwa na mshahara kama baba wa Binti. Mtu alinunua haki ya kukusanya, akawapa watawala kiasi walichopatana, kilichozidi chake. Ndiyo maana walichukiwa hivyo. Na walipomwendea Yohana Mbatizaji hakuwaambia waache kazi. Aliwaambia, "Msitoze kitu zaidi kuliko mlivyoamriwa." Luka 3.

Fundi Cherehani: Mzee, kila siku wewe ni wakili wa wenye vitambulisho. Walikuwa wanawatumikia Warumi dhidi ya ndugu zao!

Mzee Ombeni: Mathayo, mtoza ushuru aliyeitwa na Yesu, alikuwa Kapernaumu, Galilaya, na huko mtawala alikuwa Herode Antipa, si Mrumi. Nakurekebisha historia, simtetei mtu.

Mwalimu wa Lugha: Hapo kwenye Zakayo kuna jambo. Biblia yetu inasema "nawapa maskini", "namrudishia mara nne". Haisemi "nitawapa". Kigiriki nacho kina wakati uliopo. Wapo wafafanuzi wanaosema alikuwa anafanya hivyo tayari, na umati ulimnung'unikia bure.

Mama Neema: Yaani sasa Zakayo hakuwa na dhambi? Mbona Yesu alisema wokovu umefika nyumbani humu "leo"? Na alikuja kutafuta kilichopotea. Msimfue Zakayo mpaka aning'inie mweupe kwenye kamba.

Mwalimu wa Lugha: Sijasema hana dhambi. Nimesema tukiona "nawapa" tusisome "nitawapa" kwa sababu tu tumeshaamua kuwa ni mwizi. Hata "ikiwa nimenyang'anya" ina "ikiwa".

Mwinjilisti Mdogo: Jamani, swali langu. Unyenyekevu bila kurudisha?

Fundi Cherehani: Torati ilidai anayerudisha aongeze sehemu ya tano. Zakayo alijitwika mara nne, adhabu ya mwizi wa kondoo. Huyo ndiye ninayemwelewa. Wa kifua sijamwelewa bado.

Binti wa Sokoni: Mimi namwelewa. Alisimama mbali kwa sababu alijua akisogea watu watafanya nini. Baba naye alikaa benchi la nyuma hadi anakufa, na bahasha hakuwahi kuleta, maana hakuwa nayo.

Mama Neema: Binti, la darajani silirudishi nyuma, lilinitokea. Ila nilisema "wote". Neno hilo nalifuta.

Binti wa Sokoni: Nimeliona, mama. Bado linauma, lakini nimeliona.