Meno ya mbele ya chini yanacheza: yafungwe waya au yang'olewe?

Binti_Tanga
Wakuu, mama ana miaka 58 na ana kisukari. Meno manne ya mbele ya chini yanacheza, fizi zinatoa damu na usaha. Daktari mmoja kasema yang'olewe yote, mwingine kasema yafungwe waya. Tushike lipi?

Mkuna_Ugaga
Pole kwa kuuguza, dada. Hilo haliamuliwi kwa kutazama tu. Kila jino lipigwe eksirei na lipimwe kina cha mfuko kati yake na fizi: hadi milimita 3 ni kawaida, kuanzia 6 ugonjwa umekomaa. Kisha litikiswe. Likienda mbele na nyuma tu, bado linaweza kuokolewa. Likididimia ukilibonyeza, mfupa umekwisha, hilo ling'olewe.

Yanayobaki yasafishwe chini ya fizi kwa ganzi, ugaga (uchafu ulioganda kwenye meno) ukwanguliwe mpaka kwenye mizizi. Fizi zipimwe tena baada ya miezi 2 hadi 3. Jino huweza kukaza kiasi kwa kuwa uvimbe umeshuka, ila mfupa uliopotea haurudi kwa kusafisha. Mifuko inayobaki na milimita 6 au zaidi ndiyo ya kufikiria upasuaji, fizi ifunuliwe mzizi uonekane.

Chonge
Waya hautibu ugonjwa, unamsaidia mgonjwa kutafuna. Kosa baya ni kuufunga juu ya ugaga: usaha unaendelea kimyakimya na meno yanaishia kutoka yakiwa yameshikana. Ukifungwa baada ya kusafisha, hugandishwa upande wa ulimi kutoka chonge hadi chonge, maana chonge zina mizizi mirefu. Gundi isizibe nafasi karibu na fizi. Pale lazima ipite brashi ndogo ya katikati ya meno, kila siku.

Na sukari, jamani! Ikiwa juu, fizi haziponi vizuri hata fundi awe hodari vipi. Aende na majibu ya HbA1c (kipimo cha wastani wa sukari ya miezi 2 hadi 3 iliyopita), na asiache dawa zake siku ya matibabu bila kuambiwa.

Binti_Tanga
Asanteni sana. Kwa sasa anasukutua maji ya chumvi, na jirani kampa Flagyl.

Mkuna_Ugaga
Chumvi sawa, nusu kijiko cha chai kwa glasi ya maji ya vuguvugu. Inatuliza tu, ugaga umeganda kama saruji, hautoki kwa kusukutua. Flagyl ya jirani aiache. Dawa peke yake haiwezi ule utando wa bakteria ulioshika mzizi. Usaha hukauka siku chache, kisha hurudi. Akivimba shavu au akipata homa, asisubiri miadi.

Mwandaeni pia kwa hili: baada ya kusafishwa fizi hushuka, mianya huonekana, na maji baridi humchoma kwa wiki kadhaa. Wengi hudhani wameharibiwa meno, hawarudi tena. Arudi kila baada ya miezi 3.